Wosia wa Daftari la Hesabu

Nilipoajiriwa ukarani katika mahakama moja ya mwanzo jijini Dar es Salaam, majalada ya mirathi yalisukumwa kwangu kwa sababu makarani wa kiume hawakuyataka. Jinai ilikuwa na uhondo wake, madai yalikuwa na wenye haraka zao. Mirathi ilikuwa na vilio tu, na watu wake hawaishi kurudi. Nilikuwa binti bado, wazee wa baraza wakiniita "mwanangu". Miaka ile ya themanini nikaona kwamba kabla ndugu hawajagombania nyumba wala shamba, hugombania jambo jingine kabisa: marehemu alikuwa mtu wa namna gani?

Shauri ninalolikumbuka kuliko yote lilifunguliwa mwaka 1986. Marehemu alikuwa fundi mitambo bandarini, Mhaya wa upande wa Muleba, aliyekuja Dar es Salaam kijana kabla ya Uhuru na hakurudi kwao tena ila kwa likizo na misiba. Alioa kanisani, mke wa kabila jingine, wakapata watoto wanne, wa kwanza binti. Alijenga Magomeni nyumba ya vyumba sita, uani akaongeza viwili vya kupangisha. Huko Muleba alikuwa na kibanja cha migomba na kahawa alichoachiwa na baba yake. Akaugua ghafla, akafa kabla ya kustaafu.

Mdogo wake ndiye aliyewahi mahakamani. Alikuja amekamilika: barua ya balozi wa nyumba kumi, cheti cha kifo, na muhtasari wa kikao cha ukoo uliopigwa taipu vizuri na kusainiwa na wanaume watupu. Kikao kilimpendekeza yeye kuwa msimamizi wa mirathi. Nikamjazia fomu ya maombi, nikapokea ada, nikabandika tangazo kwenye ubao. Kwa hesabu zake lilikuwa shauri la kupita tu.

Kabla muda wa tangazo haujakwisha, akaja mjane, amevaa kaniki, na mwanamume mmoja wa bandarini nyuma yake. Huyo rafiki alikuwa amefungua kabati la kazini la marehemu ili arudishe vifaa vya mwajiri, akakuta humo daftari la hesabu, lile la miraba. Ukurasa wa katikati uliandikwa kwa wino wa buluu, mwandiko wa mtu aliyezoea kuandika orodha za spea. Ulikuwa na tarehe, sahihi yake, na sahihi za wafanyakazi wenzake wawili pamoja na namba zao za kazi. Aliandika kwamba nyumba ya Magomeni ni ya mke wake na watoto, isiuzwe mpaka wa mwisho amalize shule. Kibanja ni cha ukoo, anamwachia mdogo wake. Fedha za benki zilipe kwanza deni la mabati, kiasi fulani, duka fulani. Zinazobaki ni za ada za shule. Nyumba yenyewe aliitaja kwa namba ya kiwanja na kitalu.

Nimesoma wosia mwingi baada ya hapo, mwingine umeandikwa na mawakili kwa karatasi za mhuri, na ninasema bila kusita kwamba ule wa daftari ulikuwa bora kuliko mwingi kati ya huo. Haukuwa na maneno ya mapambo. Haukumlaani mtu. Ulitaja mali, ulitaja deni, ulimtaja kila anayehusika. Kitu kimoja tu haukusema, na hicho ndicho kilichowatoa jasho kwa miaka mitano.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kukaa kwenye mabenchi yale, inabidi nieleze. Tanzania Bara marehemu anaweza kurithiwa kwa mojawapo ya sheria tatu. Kuna mila, ambazo kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba ziliandikwa na serikali katika Tangazo Namba 436 la mwaka 1963. Kuna sheria ya Kiislamu. Na kuna Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, iliyoletwa na Waingereza, ikaachwa hapa walipoondoka, na inatumika mpaka leo kwa watu ambao hawaongozwi na hizo mbili. Ipi itumike? Mahakama hutazama marehemu aliishi vipi na alionyesha nia gani. Mwaka 1969 Mahakama Kuu ilikuwa imeshaamua kuhusu Mngoni mmoja aliyeishi Dar es Salaam na mke asiye Mngoni, kwamba maisha yake yalishaachana na mila za kwao, na kwa hiyo mirathi yake isiende kimila. Lakini kabila huandikwa kwenye jina, na namna ya kuishi haiandikwi popote. Mtu akishazikwa, kila upande unamweleza unavyotaka.

Sasa tazama lile daftari. Kwa kanuni za mila za 1963, mtu anayejua kusoma na kuandika anapoacha wosia wa maandishi, anahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo wake na mwingine mtu baki. Asiyejua kusoma anahitaji wanne, wawili wa ukoo na wawili baki. Mashahidi wa marehemu wetu wote walikuwa watu wa bandari. Kwa mila, karatasi yake ilikuwa haina kitu. Kwa sheria ya 1865 mashahidi wawili wanatosha, wawe wa ukoo au wasiwe; shahidi akipewa kitu katika wosia wenyewe, hicho alichopewa ndicho kinachobatilika. Kwa sheria hiyo karatasi ilikuwa nzima, haina hata doa. Ukurasa uleule ulikuwa takataka katika chumba kimoja cha mahakama, na katika chumba kingine ulikuwa amri.

Hata ungekuwa haupo kabisa, tofauti ilikuwa kubwa. Kanuni za mila ziliwapanga watoto kwa madaraja: mtoto wa kiume wa kwanza juu, wanaume wengine wanafuata, mabinti daraja la tatu. Mjane mwenye watoto hakuwa na fungu lake. Alitegemea kutunzwa na watoto wake. Sheria ya 1865 ingempa theluthi moja, na theluthi mbili zingegawanywa sawa kwa watoto wote, wa kike kwa wa kiume.

Shauri likasikilizwa. Mawakili hawakuruhusiwa mahakama za mwanzo siku zile, kwa hiyo kila mtu alisema kwa kinywa chake, nami nikasikia yote.

"Mheshimiwa," akasema mdogo wa marehemu, "kaka yangu alikuwa Mhaya. Mhaya hawezi kurithiwa kwa sheria ya Wahindi na Wazungu."

Mjane hakupandisha sauti. "Shemeji, watoto wa kaka yako hata Kihaya hawakijui. Uliwahi kuuliza kwa nini?"

Waliohudhuria wakacheka, hakimu akagonga meza. Katika mahakama ya mwanzo hakimu hakuamua peke yake. Wazee wa baraza wawili walikaa naye na kura ya kila mmoja ilikuwa na uzito sawa. Mzee mmoja, fundi cherehani mstaafu wa Ilala, alisema mtu aliyeoa kanisani, akajenga mjini na kuandika mwenyewe matakwa yake hawezi kufanywa mtu wa mila kwa sababu amekufa. Akazidiwa kura, wawili kwa mmoja. Mila zikatumika, daftari likawekwa pembeni, na mdogo wa marehemu akawa msimamizi.

Hapa ndipo panapopotosha wengi, na nilipasemea mpaka nikachoka: msimamizi si mrithi. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni, kugawa kwa wenye haki, kisha kurudi mahakamani na orodha ya mali kwenye Fomu Namba 5 na mahesabu kwenye Fomu Namba 6. Hata kwa zile kanuni za 1963 nyumba ya Magomeni ilikuwa ya watoto, haikuwa ya baba yao mdogo. Lakini barua ya usimamizi ina mhuri wa mahakama, na mhuri huo mtaani husomwa kama hati ya kumiliki. Wapangaji wakaambiwa kodi inalipwa kwa mtu mwingine. Chumba kimoja cha mbele kikapangishwa duka. Fomu Namba 5 sikuiona, wala Namba 6.

Mdogo wa marehemu akatafuta na mnunuzi. Nyumba haikuuzwa kwa sababu moja tu: barua ya kumilikishwa kiwanja na stakabadhi za kodi ya ardhi hazikuwa ndani ya nyumba. Wiki ileile ya matanga mjane alizipeleka kwa shoga yake Temeke, mfanyakazi wa hospitali, akazifungia sandukuni. Hakuna sheria iliyomwelekeza hivyo, wala simshauri mtu amfiche msimamizi halali nyaraka; ninasimulia kilichotokea. Mnunuzi alidai karatasi, karatasi hazikupatikana, akaondoka.

Mjane akakata rufaa Mahakama ya Wilaya. Nilipiga taipu mwenendo wote wa shauri kwa karatasi za kaboni, nakala ya tatu haisomeki vizuri, nikatuma jalada juu. Likakaa. Walimu wa sheria wa Chuo Kikuu, Mlimani, walikuwa na kamati ya kutoa msaada bure tangu mwaka 1969, na hao ndio waliomsaidia kuandika hoja. Hoja ilikuwa fupi: mahakama ya mwanzo inashughulikia mirathi inayoongozwa na mila au Uislamu, huyu haongozwi na chochote kati ya hivyo, kwa hiyo haikuwa na mamlaka tangu siku ya kwanza. Walikumbusha pia uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa mwaka 1983, shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, uliotamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Lile lilikuwa shauri la talaka. Lakini wanawake wa mjini walilijua kwa jina, na mjane wetu alilitaja tangu siku ya kwanza, akaambiwa anyamaze maana hajaachwa, amefiwa.

Wakati jalada hilo limelala juu, mengine hayakukoma. Nakumbuka mzee mmoja mfanyabiashara aliyekuwa na wake wawili, mkubwa Kariakoo na mdogo Kinondoni. Aliandika wosia safi, mashahidi kamili, mhuri wa wakili, akamwachia mke mdogo kila kitu. Shehe aliyeitwa kutoa maelezo hakulitazama hata lile jina la wakili. Alisema katika Uislamu wosia hauvuki theluthi ya mali, na mrithi hausiiwi mpaka warithi wengine waridhie, hawa hawakuridhia. Akaomba karatasi. Baada ya gharama za mazishi na madeni, alisema, wake wawili wanashirikiana thumni moja kwa kuwa mume ameacha watoto, na kinachobaki kinakwenda kwa mtoto wa kiume mmoja na mabinti wawili, mwanamume mafungu mawili kwa kila fungu moja la binti. Akagawa mali yote mafungu 32: kila mke mawili, mtoto wa kiume 14, kila binti saba. Alimaliza kabla chai yake haijapoa. Sijaona tena hesabu ya mirathi iliyokwenda upesi hivyo, na sababu ni kwamba hakuna aliyebishana kuhusu sheria. Walijua baba yao alikuwa Mwislamu. Ugomvi uliobaki ulikuwa wa samani, ukaisha kwa aibu.

Kwa fundi wetu wa bandari hata fedha zilikuwa zinakwisha zenyewe. Mwaka ule wa 1986 shilingi ilishushwa thamani kutoka kama 17 hadi 40 kwa dola moja, na haikusimama hapo. Akiba iliyokuwa benki, ile aliyoandika ilipe mabati na ada za shule, haikuweza kuguswa na mjane wala watoto mpaka mahakama iseme nani mwenye mamlaka. Ilipokuja kufunguliwa, tarakimu zilikuwa zilezile na riba kidogo, ila uwezo wake wa kununua haukuwa ule tena. Binti mkubwa aliacha shule kidato cha tatu, akaenda kuuza vitumbua sokoni. Alikuwa na akili sana. Hilo ndilo linaloniuma katika shauri zima, maana nyumba ilirudi, miaka ya shule haikurudi.

Nyumba ilirudi, ndiyo. Mahakama ya Wilaya ilifuta uamuzi wetu kwa kukosa mamlaka, shauri likaanza upya Mahakama Kuu, na huko lile daftari likasomwa kama wosia. Mashahidi wawili wa bandari waliitwa, mmoja akiwa ameshastaafu, wakaapa kwamba walimwona marehemu akisaini na wao wakasaini mbele yake. Mwaka 1991 likaisha. Mjane na watoto wakapata nyumba, duka la mbele likaondoka. Kibanja kikaenda kwa mdogo mtu, kama daftari lilivyosema. Ndiyo kusema yule bwana alipigana miaka mitano kuikataa karatasi iliyokuwa inampa shamba.

Kati ya hukumu hizo mbili, Februari 1990, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza aliamua shauri la Bernardo Ephrahim na Holaria Pastory, lililotoka hukohuko Muleba. Mwanamke alirithi shamba la ukoo kwa wosia halali wa baba yake, akaliuza uzeeni kwa shilingi 300,000 kwa kuwa hakuwa na wa kumtunza, na mtoto wa ndugu yake akadai mwanamke hana ruhusa ya kuuza ardhi ya ukoo. Jaji akasema ubaguzi huo unapingana na haki za binadamu zilizokwisha kuingizwa katika Katiba, na kwamba mwanamke ana haki ileile ya kurithi na kuuza aliyo nayo mwanamume. Wazee wetu wa baraza walilijadili mpaka kazi zikasimama. Yule fundi cherehani alitabasamu tu.

Lakini anayedhani mambo yaliisha hapo asome yaliyofuata. Wajane wawili wa Shinyanga, wote mafundi cherehani, walifukuzwa na mashemeji baada ya waume zao kufa mwaka 1999 na 2000. Waliomba Mahakama Kuu ibatilishe kanuni za 1963. Mwaka 2006 ikakiri kwamba zinabagua, na bado ikakataa kuzifuta. Walikwenda mpaka kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 kamati ikasema Tanzania imekiuka mkataba. Sheria inabadilika kwa mwendo wake. Mtu hafi kwa mwendo huo.

Nimestaafu, na jirani wakijua ulikuwa mahakamani hawakuachi. Wengi wanaogopa kuandika wosia wakidhani ni kujiitia mauti. Nawaambia yule fundi aliandika miaka saba kabla ya kufa, na aliyekufa upesi katika mtaa wake ni yule aliyemcheka. Kisha nawaambia lile ambalo daftari halikusema, na mengine. Andika sentensi moja ya sheria unayotaka ikuongoze, na uishi hivyo, kwa sababu mahakama itauliza jirani zako. Kama wewe si Mwislamu, weka shahidi wa ukoo na shahidi baki, hata kama wa ukoo humpendi, ili karatasi isimame ikifika chumba chochote. Na asiwe mtu unayempa kitu. Kama wewe ni Mwislamu, usijisumbue kumwandikia mrithi mmoja nyumba nzima. Theluthi yako mpe asiyerithi, yatima uliyemlea au msikiti, zilizobaki zina wenyewe. Taja msimamizi, na wa pili wake, maana wa kwanza naye hufa. Andika madeni. Watu huficha madeni kuliko mali, na mkopeshaji ndiye mgeni wa kwanza baada ya arobaini. Angalia majina uliyojaza kwenye mfuko wa pensheni. Nimeona mke aliyeachika miaka ishirini nyuma akiitwa kwenye malipo huku mjane amekaa benchi la nje.

Na usifiche wosia kabatini kazini. Wa kwangu nimeuweka RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, na nakala anayo binti yangu wa pili. Wa kwanza hana kifua.